Bibi yangu nimemkuta kwenye riwaya ya mtu mwingine

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Pangani, nimekulia Tanga mjini. Huu ni mwaka wangu wa tisa Perth, magharibi ya Australia, pamoja na mume wangu na watoto wawili. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Barua hii naiandika saa tisa usiku. Wazee wamelala, na kengele ya chumba namba sita inaweza kulia wakati wowote, kwa hiyo nikirukaruka unisamehe.

Tangu nikiwa shule nilitaka kuandika riwaya. Nilipofika huku nikaona siwezi kuandika kuhusu nchi ambayo sijasoma wenyewe wamejiandikaje. Nikajiwekea nadhiri: kila mwezi riwaya moja ya Australia kutoka maktaba ya mtaa, na nikimaliza, niiandikie uhakiki. Mwanzoni nilihakiki kama tulivyofundishwa kidato cha tatu, unakumbuka: fani, maudhui, dhamira, ujumbe, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Nilipowasomea wenzangu wa kikundi cha waandishi, tunaokutana Jumamosi hapo maktabani, walicheka, ila kwa wema. Hawakuwahi kuona mtu akisema Tim Winton, mwandishi wao wa riwaya, "amefaulu kimaudhui lakini hakufaulu sana kifani". Basi nikaviacha vile vichwa, nikawa naandika ninachokiona.

Uhakiki ulionifungulia mlango ni wa That Deadman Dance ya Kim Scott. Yeye ni Mnoongar, na Wanoongar ndio wenyewe wa kona hii ya kusini-magharibi kabla meli hazijaja. Ndani ya kitabu wenyeji wanalitazama gwaride la askari wageni, wanalichukua, wanaligeuza ngoma yao. Nikaandika kwamba kwetu pwani wazee walifanya vivyo hivyo: waliona gwaride na tarumbeta za Wazungu, wakazaa ngoma ya beni, na watu wakagawanyika makundi mawili, Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi na nyimbo. Mhariri wa jarida dogo la wasomaji hapa mjini akauchapa, na tangu hapo kila toleo huniomba kitu. Sasa nina uhakiki 23. Riwaya yangu ina kurasa 11.

Katika kikundi yupo mama mmoja, nitamwita Bi. M. Ana miaka 74, mwalimu mstaafu. Kurasa zangu 11, ambazo ni za Kiingereza, amezisahihisha zote kwa penseli. Mwanangu alipolazwa, yeye ndiye aliyetuletea chakula siku nne. Siku moja alinichukua kwa gari lake tukapanda Greenmount, kwenye nyumba aliyoishi Katharine Susannah Prichard, ambayo siku hizi ni kituo cha waandishi. Nilikuwa nimetoka kuhakiki Coonardoo, riwaya yake ya 1929, ambamo mwanamke mweupe anaandika maisha ya mwanamke mwenyeji wa asili kwenye shamba la ng'ombe. Nilimkosoa kwa ukali. Prichard alifariki 1969, hakuna aliyekuja kuniuliza.

Wakati wa kurudi, jua lilikuwa linazama baharini. Shangazi, mimi hicho kitu sijakizoea. Bahari ni ile ile, Bahari ya Hindi, lakini Pangani jua linatoka majini na huku linaingia majini. Nikajikuta namsimulia Bi. M. habari za bibi yangu mzaa mama. Mwanawe wa pili, mjomba wangu, alikwenda kuvua na ngalawa na hakurudi. Wenzake waliokota tanga tu. Bibi akaishi miaka 14 baada ya hapo, na kila magharibi alijaza birika maji ya udhu akaliweka kwenye kizingiti cha mlango wa uani, mahali mjomba alipokuwa akitawadha. Hakuna aliyethubutu kuyamwaga. Asubuhi alimwagilia mkomamanga. Hiyo ndiyo riwaya yangu. Yote niliyokuwa nazungukazunguka, 11 zile na nyingine nilizochana, nilikuwa nalitafuta hilo birika.

Mwezi uliopita riwaya ya Bi. M. imetoka kwa mchapishaji mdogo. Inahusu mzee anayesubiri kufa kwenye nyumba ya wazee kando ya bahari. Anahudumiwa na mwanamke aitwaye Grace, "kutoka Afrika". Afrika ipi, haisemwi. Jina la baba hana. Anaimba kwa sauti ya chini na kusema maneno ya hekima kila anapobadilisha shuka. Ukurasa wa 148 anamwambia mzee kwamba kijijini kwao mama mmoja alipoteza mwana baharini, akawa kila jioni anaweka bakuli la maji mlangoni ili roho ya marehemu ije inywe.

Bakuli. Roho. Inywe.

Bibi yangu hakumwekea mzimu maji! Alimwekea udhu mtu aliye hai, anayetarajiwa kurudi aswali. Ndiyo maana yote ya jambo lile, na ndiyo iliyotupwa. Nikafunga kitabu, nikakifungua mwishoni, nikakuta ukurasa wa shukrani. Jina langu lipo, limeandikwa sawasawa kabisa: ananishukuru "kwa hadithi zake za ukarimu".

Sasa mhariri ameniomba mimi niihakiki, kwa kuwa "nitauona upande wa Afrika". Bi. M. mwenyewe amefurahi, ameniambia hangependa mwingine. Mwisho wa mwezi ndio mwisho wa kupeleka. Nimeandika mbili. Moja ni asali tupu. Nyingine inasema kweli: kwamba Grace ni kivuli, kwamba sura za katikati zinakokota miguu, na kwamba yule mama wa bakuli ni bibi yangu, ameniibia na hata kuiba hakujua kuiba. Mume wangu anasema niachane na mambo ya vitabu nilale. Naogopa nikitoa ya pili nitakuwa yule punda wa fadhila na mateke. Naogopa nikitoa ya kwanza sitaandika tena. Na riwaya yangu nayo naona imekwisha kabla ya kuanza; atakayeisoma atasema nimenakili kwa Bi. M.

Nitume ipi?

Mkesha wa Perth

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeinjika maji ya chai, nikayasahau mpaka yakakaukia jikoni.

Umeniuliza utume uhakiki upi kati ya miwili. Lakini nikiitazama barua yako, uhakiki umeupa mistari michache tu. Iliyobaki ni birika, kizingiti, mkomamanga, na mama mmoja aliyekuletea chakula mwanao akiwa kitandani. Kwa hiyo niruhusu nisianze na swali lako, nianze na hilo birika.

Umetumia neno "ameniibia". Sikuvunjii hilo neno, maana maumivu ni yako. Nataka tu uliweke karibu na ule ukurasa wa shukrani uliouona mwenyewe. Mwizi haachi jina la mwenye mali mlangoni. Inaonekana Bi. M. aliamini umempa. Ndani ya gari, jioni, watu wawili wanaoandika, mmoja anasimulia: yeye alisikia zawadi, wewe ulikuwa unafungua sanduku ulionyeshe kisha ufunge. Je, kuna mahali ulimwambia, "Hiki ndicho ninachokiandika"? Barua yako haisemi. Kama ulimwambia, jambo linakuwa zito zaidi. Kama hukumwambia, bado una haki ya kuumia, ila mazungumzo yatakuwa ya namna nyingine. Hilo ulijue kabla hujainua simu.

Na nadhani kilichokuchoma zaidi ni ile maana iliyogeuzwa. Angelichukua birika kama lilivyo, na udhu wake, na ile asubuhi ya kumwagilia mkomamanga, pengine leo ungekuwa unaandika barua nyingine. Nasema pengine. Lijaribu wazo hilo moyoni uone linakaaje.

Nchi uliyopo imelizungumza sana jambo hili la kuandika maisha ya mtu mwingine, wewe umeyasoma kuliko mimi. Thomas Keneally, mwandishi mweupe wa huko, mwaka 1972 alitoa riwaya ya The Chant of Jimmie Blacksmith, akaingia kichwani mwa kijana mwenye asili ya wenyeji na kusema kwa macho yake. Kitabu kilisifiwa, kikafika kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker. Miaka mingi baadaye Keneally mwenyewe alisema kwamba lau angekiandika tena asingethubutu kukaa ndani ya kichwa kile. Angesimama nje atazame. Nakutajia kwa sababu wewe, kwenye Coonardoo, ulimshughulikia mtu asiyeweza kukujibu wala kubadilika. Bi. M. anaweza yote mawili. Hilo linakupa nafasi ambayo kwa Prichard hukuwa nayo, na linakupa shida ambayo kwa Prichard hukuwa nayo.

Sasa tuje kwenye uhakiki wako wa pili, ule wa kweli. Ni kweli, sina shaka. Lakini umechanganya mambo ambayo msomaji hatayachambua. Kwamba Grace ni kivuli na kwamba sura za katikati zinakokota miguu, hilo ni la mhakiki, mtu yeyote mwenye macho angeweza kulisema. Kwamba yule mama ni bibi yako, hilo ni la mwenye jambo. Ukiyapeleka pamoja, la pili litalimeza la kwanza. Watu watasema, "Kumbe ana kinyongo," na hata pale uliposema sahihi kuhusu Grace hawatakusikia. Mji wa waandishi ni mdogo kila mahali, na Perth nadhani ni mdogo zaidi.

Na neno likali lina maisha marefu kuliko ulivyokusudia. A. D. Hope, mshairi mzuri tu, mwaka 1956 aliihakiki gazetini The Tree of Man, riwaya ya Patrick White, akaiita lugha yake tope la maneno, la majivuno na lisilo na elimu. Sentensi hiyo hiyo ilisema kwamba kila ukurasa una dalili ya mtu aliyezaliwa mwandishi! Nani anaikumbuka nusu hiyo? White alipata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1973, na tope bado linatajwa hadi leo. Sikwambii usiseme ukali. Nakwambia tu, usitegemee kwamba "hata kuiba hakujua kuiba" itasomwa pamoja na sifa utakazoziweka aya ya pili. (Ni sentensi nzuri, kwa njia. Ndiyo maana ni ya hatari.)

Asali nayo ina bei yake. Umejijengea jina kwa uhakiki 23, na jina hilo limesimama juu ya ile beni. Hakuna mtu Perth aliyejua kwamba gwaride lilipita pwani ya Afrika Mashariki likawa ngoma, mpaka wewe ulipoliona ndani ya kitabu cha Kim Scott. Mhariri anakuomba kwa sababu unaona. Ukiandika usichokiona, atakayedanganyika kwanza ni msomaji aliyenunua kitabu kwa neno lako, na wa pili ni Bi. M., ambaye kwa miaka 74 nadhani ameshajifunza kuzitambua sifa za kulipia deni. Unaogopa kuwa punda wa fadhila. Lakini hebu fikiri: yeye aliposahihisha kurasa zako kwa penseli, alikufichia makosa? Fadhila yake kwako haikuwa chakula cha hospitali peke yake. Ilikuwa pia ile penseli.

Ulizoandika ni mbili, lakini hazimalizi njia zote. Wahakiki wana desturi ya zamani ya kukataa kitabu cha mtu wa karibu. Unamwandikia mhariri mstari mmoja: mwandishi ni rafiki yangu, amenitaja kwenye shukrani, mpe mwingine. Ni safi, na hakuna wa kukulaumu. Tatizo lake ni kwamba huyo mwingine ataisoma habari ya bakuli na roho, ataona ni utamaduni mzuri wa Kiafrika, atausifu, na wewe utausoma uhakiki huo saa tisa usiku ukiwa peke yako. Unaweza kuvumilia hilo? Kuna watu wanaweza. Na Bi. M. atakuuliza kwa nini umekataa, kwa hiyo mazungumzo uliyoyakwepa mlango wa mbele yatakuja kwa mlango wa uani.

Au uyaendee mwenyewe, kabla ya mwisho wa mwezi, ana kwa ana, bila ya kuutaja uhakiki. Hapo mimi nisingeanza na kitabu chake. Ningeanza na bibi. "Nilikusimulia nusu, acha nikumalizie." Mweleze udhu ni nini, kwa nini birika na si bakuli, kwa nini hakuna aliyeyamwaga. Kisha nyamaza. Mwalimu mstaafu atafika mwenyewe. Hatari yake naiona: huenda akajitetea, akasema riwaya ni riwaya, mwandishi huokota popote. Na hapo ana hoja, maana hata sheria ya hakimiliki hulinda maneno yaliyoandikwa, hailindi kisa kilichosimuliwa garini. Au huenda akalia. Hiyo naiogopa zaidi kwa upande wako. Wewe kazi yako ni kutunza wazee; akianza kulia utamshika mkono, utamletea maji, utamwambia si kitu, na utaondoka pale hujasema ulichokwendea, kana kwamba ulikuwa zamu. Ukienda, nenda siku ambayo hukukesha.

Ipo pia njia ya kuandika uhakiki ukiwa umejitangaza: mimi ni rafiki wa mwandishi, na sehemu moja ya kitabu hiki ilitoka kinywani mwangu. Halafu uandike juu ya jambo hilo hasa, kisa kinapovuka kutoka mdomo mmoja kwenda kalamu nyingine kinapoteza nini njiani. Kwa ufundi wako ungeweza kuwa uhakiki bora kuliko zote 23. Lakini hauandikiki kwa hasira, hauandikiki kwa wiki mbili, na sidhani ni haki Bi. M. ausome kwa mara ya kwanza kwenye jarida.

Umesema riwaya yako imekwisha. Hapo nitakusumbua kidogo. Miles Franklin, ambaye tuzo kubwa ya riwaya ya nchi hiyo ina jina lake, alitoa My Brilliant Career mwaka 1901 akiwa msichana wa miaka 21. Ndugu na majirani wakajiona mle ndani, wakakasirika. Akakizuia kisichapwe tena. Kikarudi 1966, yeye alishafariki tangu 1954. Nani alikuwa na haki juu ya kisa kile, aliyekiandika au waliokiishi? Nakuuliza kwa sababu siku utakapoiandika yako, nawe utakuwa umemwingiza bibi yako kitabuni bila ya kumuuliza, na mama yako, na huenda wajomba wengine walioko Pangani wana lao la kusema kuhusu birika lile. Ulishawauliza?

Na kuhusu hofu ya kuambiwa umenakili: Bi. M. ana aya moja, yenye bakuli. Wewe una miaka 14, mkomamanga, tanga lililookotwa, na jua linalozama upande usio wake. Ni nani atakayesoma hayo akadhani yametoka ukurasa wa 148?

Kurasa 11 zisikutishe sana pia. Hapo hapo Perth aliishi Elizabeth Jolley, mhamiaji kutoka Uingereza, aliyesomea uuguzi, aliyekuwa ameandika miaka mingi huku akirudishiwa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1976, akiwa na miaka 53. Baadaye akawa anafundisha uandishi, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa huyo huyo Tim Winton uliyesema hakufaulu sana kifani.

Lakini kuna jambo moja dogo limenikaa. Kurasa 11 ni za Kiingereza na zimepitiwa kwa penseli, na unasema ndani yake bado ulikuwa unalitafuta birika. Kwa Kiingereza birika huleta chai, haliji na udhu. Huenda ndipo ulipokwama, na huenda ndipo Bi. M. alipokwama pia akaishia kwenye bakuli. Kwenye barua hii umeliandika kwa Kiswahili, mistari sita au saba, kengele ya chumba namba sita ikiwa karibu kulia, na mimi nimekiona kizingiti chenyewe. Sikwambii uandike kwa lugha gani. Riwaya ya Kiswahili huko Perth utampa nani asome, na ya Kiingereza bibi yako angeisomaje, hayo ni maswali ya kweli na sina majibu yake. Nakwambia nilichokiona tu.

Mhariri anaweza kusubiri toleo lijalo, ukimwomba. Kitabu cha Bi. M. hakitaharibika kwa miezi mitatu.

Ukiniandikia tena, nina swali. Umemlaumu Bi. M., na sijasema umekosea, kwamba Grace hana jina la baba wala nchi. Mimi nimeipitia barua yako yote nikimtafuta yule kijana wa ngalawa. Umemwita mjomba, mwana wa pili, aliyekwenda kuvua. Aliitwa nani?